Wanafunzi wanakwama mwanzoni mwa Paradise Lost
Mwalimu, umeuliza kwa nini darasa lako linakwama ukurasa wa kwanza wa utenzi huu wa John Milton, mshairi Mwingereza wa karne ya 17. Tatizo ni sarufi: sentensi ya kwanza ina mistari 16, na kitenzi kikuu, “Sing”, kinakuja mstari wa 6. Wakizungushie duara kwanza, ndipo wasome kwa sauti hadi nukta, bila kusimama mwisho wa kila mstari. Waliozoea tenzi zetu watatafuta vina. Havipo, kuna mizani 10 tu kwa kila mstari, kwa kawaida.

Utenzi umegawanywa katika sehemu 12 ziitwazo vitabu, na zote ni nyingi mno. Chukua kitabu cha 1 na cha 9. Shetani wa kitabu cha 1 atawateka, waache watekwe. Katika cha 9 watamwona akijiingiza ndani ya nyoka, huku akilalamikia unyonge huo mwenyewe.