Swali la lugha: Binti yangu anaitwa "jikedume" uwanjani

SWALI: Binti yangu ana miaka 15, ni beki wa timu ya wasichana hapa Kisauni. Ana nguvu na sauti nzito. Vijana humwita "jikedume", na mzazi mmoja alisema ni "huntha". Maneno haya yana maana gani?

JIBU: Dada, hilo la kwanza silikubali hata kidogo. Tazama lilivyoundwa. Jike na dume ni maneno ya wanyama: mbuzi jike, simba dume. Binadamu ni mwanamke na mwanamume. Anayemwita mwanao jikedume kamtoa kwa watu kampeleka zizini, eti kwa sababu akipiga mpira unafika.

Huntha ni habari nyingine. Hilo si tusi. Limetoka Kiarabu, na waliosoma mirathi wanalijua, kwa kuwa wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, walijadili fungu la huntha katika urithi. Ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kike tu wala ya kiume tu. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524. Tusilichanganye na hanithi: mzizi wa Kiarabu ni mmoja, ila kwetu hanithi ni mwanamume asiye na nguvu za kiume, na mara nyingi hutamkwa kwa kutukana. Wala tusilichanganye na msagaji, ambalo ni la mapenzi, si la maumbile.

Sasa, misuli na sauti havimfanyi mtu huntha. Caster Semenya wa Afrika Kusini na Mkenya mwenzetu Margaret Wambui walishinda dhahabu na shaba za mita 800 Rio 2016. Kanuni za 2019 za shirikisho la riadha duniani zikawafungia mbio hizo, isipokuwa wakubali kupunguza testosteroni, homoni ya kiume, mwilini mwao. Kanuni hizo nazilaumu kwa mengi, lakini hata zenyewe zilidai kipimo cha damu. Huyo mzazi kapima kwa macho, tena mtoto wa watu! Neno huntha ni la mwenyewe kujitajia akipenda.

Uwanjani Kiswahili hakitulazimishi kutaja jinsia. Beki, mchezaji, mwanariadha, anakaba, ameokoa: hakuna hata moja linaloitaja. Na huyo mzazi amwite mwanao kwa jina lake, analijua.