Maji yanatuama kwenye grini: je, udongo wa kichuguu utasaidia?

SWALI: Papa, ninasimamia wafanyakazi wa uwanja wa gofu hapa Lubumbashi. Tangu mvua ya Desemba ichanganye, grini mbili (zile sehemu za majani mafupi zenye shimo la kuingizia mpira) zinabaki na maji hadi adhuhuri na ukoka unageuka njano. Mkubwa wetu anataka tukate majani chini zaidi ili pakauke, kisha mabonde tuyajaze udongo wa kichuguu. Tufanye hivyo?

JIBU: Hapana, yote mawili. Kichuguu ndicho kinachonitisha zaidi. Udongo wake ni mfinyanzi, ndiyo sababu wafyatua matofali wanaupenda. Ukiutandaza juu ya grini, umeifunika kwa sahani.

Kabla ya lolote, chukua sepetu ukate kipande cha grini, kina cha kiganja, ukitazame ubavuni. Mizizi ikiishia sentimita 2 au 3, na chini yake pana utepe mweusi unaonuka yai viza, basi ukoka wako haufi kwa maji, unakufa kwa kukosa hewa. Kisha tafuta kopo la maziwa ya unga, toa vitako vyote viwili, likandamize ardhini sentimita 5, ulijaze maji. Saa nzima ikipita na maji yamepungua kidole tu, kazi ipo. Mwite mkubwa alitazame lile kopo mwenyewe. Maneno yako peke yake hayatamtosha.

Dawa ni matundu na mchanga. Subiri siku mbili tatu zisizo na mvua, utoboe kwa meno ya chuma yenye uwazi ndani, yanayong'oa udongo, kina cha sentimita 8 hadi 10. Vijiti vya udongo vilivyotoka vifagie vyote, matundu yajazwe mchanga wa mto uliooshwa. Upime kwanza kwenye chupa ya maji: tikisa, uweke chini, maji yakibaki na rangi ya chai, urudishe kwa aliyekuuzia. Mchanga wa karibu na mabaki ya madini usiuguse hata ukipewa bure, maana shaba ikizidi huua mizizi.

Majani yapandishe. Kama mlikata milimita 4, kateni 5 au 6, kwa mashine ya kusukuma kwa mkono. Ile ya kukaliwa na dereva ibaki gereji hadi ardhi ishike. Asubuhi burutieni mpira wa maji juu ya grini kuangusha umande, kwa sababu kuvu hupenda jani lililolala na maji. Urea punguza. Shimo lihamishwe kila siku.

Mabomba ya kutoa maji chini ya grini utayahitaji, nadhani, lakini hayo ni ya Mei. Mvua yetu, kama milimita 1,200 kwa mwaka, karibu yote hushuka kati ya Novemba na Aprili. Ukichimba mtaro sasa utavuna tope.