Ramani ya kaboni dayoksaidi: mbona Mombasa haionekani?

Ndugu, umeuliza mbona umepakua data za Mei za OCO-2, setilaiti inayopima kaboni dayoksaidi, ukachora, ukaambulia vipande vya mistari, Pwani karibu yote tupu, na Mombasa haing'ai licha ya malori ya Changamwe na meli za Kilindini. Nimehangaika na faili hizo hizo nikiwa hapa Kisauni. Ramani yako haina kasoro.

Setilaiti ile, iliyorushwa na NASA Julai 2014, haipigi picha ya gesi. Inasoma mwanga wa jua uliogonga ardhi ukarudi juu, kisha inapima kiasi gani kimemezwa njiani na kaboni dayoksaidi na kiasi gani na oksijeni. Kwa hiyo namba unayopata ni wastani wa hewa yote, toka miguuni mwako hadi juu kabisa. Wastani huo siku hizi ni kama sehemu 420 kwa milioni. Moshi wa mji kama wetu ukishachanganyika humo, na upepo wa bahari haulali, unabaki chini ya sehemu moja, na kipimo chenyewe kinaweza kukosea kwa kiasi hicho. Utauonaje?

Mapengo nayo: njia yake ina upana wa kilomita 10 hivi, na huirudia baada ya siku 16. Hupita mnamo saa saba na nusu mchana, na Mei kwetu ni masika. Penye wingu, kipimo hutupwa. Jaribu Januari au Februari, wakati wa kaskazi.

Mimi hubakiza vipimo vyenye alama ya ubora 0 tu, yaani vile vizuri, nikatafuta wastani wa mwezi kwa miraba ya digrii mbili, kisha kwenye wastani huo nikaondoa kiwango cha kati cha latitudo ile ile. Rangi ziishie sehemu hasi 3 hadi chanya 3 kwa milioni, la sivyo dunia nzima itakuwa rangi moja ya chungwa.

Tafadhali usizibe mapengo kwa kulainisha rangi. Zile video za NASA zenye moshi unaozungukazunguka, ambazo kila mtu husambaza WhatsApp, ni matokeo ya modeli ya kompyuta. Na ukitaka kurudi nyuma hadi 2009 kwa data za GOSAT, setilaiti ya Wajapani, usizimwage kwenye jedwali moja na hizi kabla hujalinganisha miezi ambayo zote mbili zilikuwa angani.