Filamu Rahisi Haina Kosa: Maswali na Majibu kwa Wenye Kamera Kubwa

Karibu maswali yote niliyoletewa safari hii yahusu jambo moja: filamu nyeusi na nyeupe za bei nafuu kutoka nje, zile za vipande vya inchi 4 kwa 5. Nimefurahi kweli. Kuna kamera kubwa nyingi zimelala makabatini humu mjini Mombasa, na kila inayoamshwa ni faida kwetu sote. Walioniuliza kamera gani ni bora kuliko zote nimewaacha, kwa kuwa swali hilo nimeshalijibu mara nyingi.

Fundi, shikamoo. Nimeachiwa kamera ya 4x5 na babu yangu. Nataka filamu ya kujifunzia isiyonifilisi. Ninunue ipi? (Msomaji, Kisauni)

Marahaba, mwanangu. Nunua Fomapan 100. Hutengenezwa na Foma Bohemia katika mji wa Hradec Králové, Jamhuri ya Cheki. Boksi la 4x5 huwa na vipande 50, na kila kipande hukugharimu karibu nusu ya kile cha Ilford FP4 Plus. Ukiikosa, Shanghai GP3 100 ya China yafaa pia, ila boksi lake ni vipande 25.

Chagua moja, usichukue zote mbili. Hapa ndipo ninapogombana na wasomaji wangu kila mwezi. Mtu ananunua boksi la hii, kisha boksi la ile, na dawa ya kusafishia aliyosifiwa na rafiki, halafu hajui kosa limetoka wapi. Shika filamu moja na dawa moja mpaka boksi liishe, na kila kipande ukiandikie: mwanga uliopima, tundu la lenzi, muda wa shata, joto la dawa, dakika ulizosafisha. Asiyeandika anatupa pesa, hata filamu iwe rahisi vipi.

Kipande cha kwanza usimpigie bibi harusi. Pigia ukuta wenye jua upande mmoja na kivuli upande wa pili. Vuta kifuniko cha holda, kile kibebeo bapa kinachoshika kipande cha filamu, hadi mwisho, piga, kisha kirudishe ndani robo, piga tena, nusu, piga, robo tatu, piga. Utapata mistari minne ya mwanga tofauti juu ya kipande kimoja, nayo itakuonyesha kasi halisi ya filamu hiyo, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga, kwa lenzi yako na dawa yako.

Na kabla hujanunua chochote, ingia chumba cha giza na kamera ya babu, utie tochi ya simu ndani ya mivukuto, ile sehemu ya mikunjo katikati ya kamera, na uikunjue yote. Kamera iliyokaa pwani miaka mingi huliwa kwenye pembe za mikunjo. Ukiona vitone vya mwanga, ziba kwanza. Lenzi nayo imulike uone kama ina kuvu. Nusu ya lawama zinazotupiwa filamu za bei nafuu ni za matundu hayo.

Negativu zangu za Fomapan 400 hutoka nyembamba kila mara, kwenye vivuli hamna kitu kabisa. Hii filamu ni bandia? (Msomaji, Changamwe)

Na mwenzako wa Bamburi analia kinyume chako: za kwake nyeusi kama mkaa, tena zina mawimbi angani. Nyote wawili mmeniuliza kuhusu filamu, wala hakuna aliyenitajia dawa, dakika, au joto. Swali la namna hiyo siwezi kulijibu vizuri, na nawaomba wengine msinitumie tena la aina hiyo.

Wewe wa Changamwe, vivuli vitupu maana yake mwanga haukutosha. Namba 400 ya kasi iliyoandikwa kwenye boksi usiifuate. Weka kipima mwanga chako kwenye 200, na upime kivuli, usipime anga. Jua letu la saa sita liko utosini, na kuta nyeupe za Mji wa Kale zinarudisha mwanga mkali hadi kipima kinadanganyika. Punguza pia dakika za kusafisha kidogo, ili weupe usije ukakosa maelezo.

Wewe wa Bamburi, tatizo lako ni maji ya bomba. Majedwali yote ya dawa yameandikwa kwa digrii 20. Maji ya tangini kwako mchana yanakaribia 30. Kila digrii inayopanda inakata karibu sehemu moja ya kumi ya muda: dakika 10 za digrii 20 zinakuwa kama 7 ukiwa digrii 24, na ukifika 30 unabaki na kama dakika nne. Ukisafisha chini ya dakika tano, dawa haiwahi kufanya kazi sawasawa kipande kizima, ndipo unapoona hayo mawimbi.

Dawa yako shusha hadi 24. Chukua beseni kubwa, tia maji na barafu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, kisha simamisha chupa zako humo. Barafu isiingie ndani ya dawa yenyewe, maana ikiyeyuka inaizimua. Tena si dawa ya kwanza peke yake. Maji ya kati, fiksa (dawa ya kuimarisha picha) na maji ya kusuuzia yote yawe karibu na joto hilo hilo. Kipande kikitoka digrii 22 kikaingia 30, ngozi yake ya dawa, ile inayoshika picha, hujikunja vikunyanzi vidogo visivyotoka tena. Filamu hizi za bei nafuu zina ngozi laini, kwa hivyo shika kipande kwa kingo zake, na usikisugue kwa kidole hata kikiwa na uchafu.

Ukiona digrii 24 ni kazi, tumia dawa iliyozimuliwa zaidi ili muda urefuke. Rodinal ya 1 kwa 50, yaani sehemu moja ya dawa kwa 50 za maji, inanifaa sana kwa sababu hiyo: inavumilia, chupa yake hukaa muda mrefu bila kuharibika, na unachanganya kiasi cha siku hiyo tu.

Maji ya kwanza niliyolowekea filamu yametoka ya kijani. Nimeiharibu? (Msomaji, Tudor)

Hujaharibu kitu, ni rangi ya kuzuia mwanga kurudi nyuma, mwaga uendelee.

Kati ya Arista EDU Ultra na Fomapan, ipi kali zaidi? (Msomaji, Nyali)

Zinatoka kiwanda kimoja. Nunua ile ambayo nauli yake ni ndogo.

Nimepata Fomapan ya 9x12 kwa bei ya kutupa. Inaingia kwenye holda za 4x5? (Msomaji, Mtwapa)

Haiingii. Hizo ni sentimita, na kipande ni kidogo kuliko inchi 4 kwa 5, kwa hiyo kitacheza ndani ya holda na kuangukia kwenye mivukuto. Vivyo hivyo 13x18 ya sentimita haikai kwenye holda ya inchi 5 kwa 7, ingawa ukizitazama mezani utadhani ni mamoja. Soma boksi kabla ya kulipa. Muuzaji hana haja ya kukuuliza holda yako ni ya aina gani.

Nasikia watu wanapigia filamu za eksirei za hospitali. Ni kweli au maneno ya vijiweni? (Msomaji, Likoni)

Ni kweli, na kwa mwenye kamera ya inchi 8 kwa 10 hakuna njia rahisi kupita hiyo. Hospitali nyingi zimehamia kwenye picha za kompyuta, lakini filamu bado inatengenezwa, na boksi la vipande 100 la inchi 8 kwa 10 hukupa vipande vingi kwa pesa kidogo. Faida ya pili ni kwamba filamu hii haioni nyekundu. Unaweza kuijaza na kuisafisha chini ya taa nyekundu iliyokoza huku ukiiona. Taa yako ijaribu kwanza: weka kipande mezani chini yake, juu yake sarafu ya shilingi kumi, subiri dakika tano, kisha kisafishe. Ukiona duara la sarafu, taa hiyo haifai.

Sasa masharti, na usiyaruke. Filamu ya kawaida ya eksirei ina ngozi ya dawa pande zote mbili. Upande wa chini unakwaruzika kwenye trei usipoulinda, basi tandika kioo laini chini na usafishe kipande kimoja kimoja. Haina tabaka la kuzuia mwanga kurudi, kwa hivyo dirisha lenye jua litatoa ukungu mweupe kuzunguka kingo. Weusi na weupe wake unaachana sana, itake Rodinal ya 1 kwa 100. Anza kuipigia kama yenye kasi ya 50, uone inakwenda wapi.

Ukikata kipande cha 8 kwa 10 mara nne, kila robo itakuwa inchi 4 kwa 5 kamili, nayo haitaingia. Filamu ya dukani hukatwa pungufu kidogo ili iteleze kwenye reli za holda. Punguza kama milimita moja na nusu kwa jumla kwenye upana, na kiasi hicho hicho kwenye urefu, kwa kisu cha kukatia karatasi kilicho kikali. Kisu butu huacha unyuzi unaonasa vumbi.

Lililo muhimu kuliko yote hayo hukuniuliza, nami nitakuambia. Filamu isiyoona nyekundu inatia giza ngozi zetu. Ndani ya ngozi ya Mwafrika kuna wekundu mwingi, na ndio unaoipa uhai kwenye picha. Filamu hii inaufanya weusi mtupu, na midomo inakuwa kama imepakwa wino. Nimeona picha za wazee wa heshima zilizopigwa hivyo na nimesikitika. Kama utampiga mtu, mweke kwenye kivuli cha wazi kinachotazama ukuta mweupe, pima uso, usipime kanzu, kisha ongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili. Kanzu itapoteza mikunjo yake, na iwe hivyo; uso wa mtu ndio uliotufanya tufungue kamera. Kama hujawa tayari kuyafanya hayo, eksirei ibaki ya majengo na miti, na watu uwapigie Fomapan.

Maji ya bomba kwetu ni ya mgao. Naweza kusuuza negativu kwa maji ya kisima yenye chumvi? (Msomaji, Majengo)

Kusuuza, ndiyo. Maji ya chumvi huondoa fiksa vizuri, hata haraka kuliko maji matamu. Ila chumvi yenyewe isibaki juu ya filamu, kwa hivyo malizia na maji matamu mara kadhaa. Kuchanganyia dawa ya kwanza, hapana.

Wala huhitaji bomba lifunguliwe nusu saa. Ukitumia tangi la kusafishia filamu, kampuni ya Ilford wana utaratibu wa maji kidogo: jaza tangi, ligeuze mara 5, mwaga, jaza upya, geuza mara 10, mwaga, jaza tena, geuza mara 20, mwaga. Mwisho kabisa tumbukiza kwenye maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri ya gari yauzwayo vituo vya petroli. Soma chupa vizuri, kwani pembeni yake huuzwa asidi ya betri na chupa zinafanana.

Nilipiga ngazi za nyumba ya zamani kwa Fomapan 100. Kipima kilisema sekunde 10, nikatoa sekunde 10. Negativu tupu. Kwa nini? (Msomaji, Mji wa Kale)

Swali zuri, na umeniandikia kila nilichohitaji. Filamu ikipata mwanga hafifu kwa muda mrefu huchoka, na Fomapan 100 inachoka mapema kuliko nyingi. Jedwali la kiwanda lenyewe lasema hivi: sekunde 1 uizidishe mara 2, sekunde 10 mara 8, na sekunde 100 mara 16. Kwa hiyo zile sekunde 10 zako zilitaka 80. Kipimo kingekuwa sekunde 100, ungesimama hapo zaidi ya dakika 26.

Hapa ndipo filamu rahisi inapokuwa ghali. Ilford HP5 Plus ina kasi ya 400, kwa hivyo ngazi zile zile kipima kingekupa sekunde 2 na nusu, na ukiongeza kwa hesabu ya Ilford unafika kama sekunde 3 na kidogo. Linganisha na 80. Kwa milango ya nje, mashua, ukuta wa Fort Jesus kwenye jua, kaa na Fomapan yako. Kwa nyumba za ndani, na zetu ni za giza kwa makusudi ili ziwe baridi, weka boksi dogo la HP5 pembeni.

Na ukiwa humo, omba ruhusa kwa mwenye nyumba kabla ya kufungua miguu ya kamera, sio baada. Fort Jesus nako iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Pitia ofisini ueleze unachotaka kufanya. Kamera yenye kitambaa cheusi na miguu mitatu inatisha watu kuliko simu.

Filamu ya studio iliyofunga biashara, imepitwa na wakati miaka mingi, ilikuwa darini. Niitumie? (Msomaji, Mikindani)

Joto la dari la Mikindani limeshaimaliza. Ifanye ya kujifunzia kujaza holda gizani. Na kwa kuwa wengi huuliza: ukikisimamisha kipande, mikato ya ukingoni ikiwa pembe ya juu kulia, upande wenye ngozi ya dawa unakutazama.

Shemeji yangu anakuja kutoka Ujerumani mwezi ujao. Aniletee maboksi mangapi, na ayafungeje? (Msomaji, Mtongwe)

Mwambie asiyatie kabisa kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, kwa kuwa mashine za huko huunguza filamu. Ayabebe mkononi, kwenye mfuko unaoonekana, na aombe kwa adabu yakaguliwe kwa mkono, kwani viwanja vingine sasa vina mashine kali hata kwa mizigo ya mkononi. Yawe na lakiri zake. Na ayaandike nje, kwa Kiingereza na Kiswahili, kwamba ni filamu zisizopigwa na zisifunguliwe, maana afisa akifungua boksi moja tu kutazama ndani, vipande vyote vimekwisha.

Kama unaagiza kwa posta badala yake, ungana na wenzako wawili watatu mlete kifurushi kimoja, kwa sababu nauli ndiyo inayoua bei. Hesabu ushuru na VAT ya asilimia 16 kabla hujasema umepata rahisi, na utangaze thamani ya kweli.

Idadi ni maboksi mawili. Moja litie friji ndani ya mfuko uliofungwa barabara, jingine ulitumie. La friji litoe saa kadhaa kabla ya kulifungua; ukilifungua likiwa baridi, unyevu wa hapa utatua juu ya filamu kama umande na vipande vitagandana.