Mikono mirefu, moyo wa kupigana ndani: nifanyeje?

Swali: Kocha, shikamoo. Nina miaka 21, urefu sentimita 186, napigana uzito wa kilo 66. Kila mwalimu ananiambia nikae mbali nitumie jebu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono ulio mbele, lakini nikikaa mbali nafa kwa kusubiri. Mimi raha yangu kumfuata mtu hadi kifuani. Tatizo nikishafika, ngumi zangu zinapita nyuma ya kichwa chake, hazina uzito, na wafupi wananitandika mbavu. Niache huu mtindo, au kuna namna?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Walimu wako hawajakosea, maana kwa umbo lako kukaa mbali ndiyo kazi nyepesi. Lakini nimeshafundisha warefu kadhaa wenye moyo kama wako, na ukimlazimisha bondia wa aina hiyo acheze asichokipenda, kufikia raundi ya tatu anarudi kwenye tabia yake, tena akiwa amechoka. Kwa hiyo sikuambii uache. Nakuambia ujifunze vizuri hicho unachokipenda, kwa sababu kwa sasa unakifanya vibaya.

Ngumi inayopita nyuma ya kichwa ni mkono uliokunjuka kuliko nafasi iliyopo. Umebeba ngazi ndefu, umeingia nayo kwenye chumba kidogo, na sasa unataka kuigeuza. Ukiwa ndani, ngumi ya kuzungusha inapigwa kiwiko kikiwa kimekunjwa kabisa na ngumi ikiwa karibu na kifua chako. Mkono wenyewe hausafiri. Kinachosafiri ni nyonga, na mguu wa mbele unageuka nayo. Simama mbele ya begi, gusisha paji la uso kwenye ngozi yake, kisha piga dakika mbili bila kulibandua. Siku ya kwanza utajisikia kama umefungwa kamba. Usiongeze nguvu mpaka ule mlio wa begi uwe mzito bila wewe kurudi nyuma hata nusu hatua.

Sasa jambo ambalo wengi hawalioni. Neno "ndani" tunalitumia kama vile ni sehemu moja, kumbe zipo mbili. Kuna kifua kwa kifua, ambako mfupi yuko kwao. Na kuna ile ya urefu wa mkono wa mbele tu, kutoka kiwiko hadi ngumi. Bana kiwiko ubavuni, nyoosha mkono wa mbele: pale ngumi yako inapogusa kifua chake ndipo nyumbani kwako. Na kwa sababu mkono wako wa mbele ni mrefu kuliko wake, ukisimama hapo unampata kwa mkono uliokunjwa, ilhali yeye lazima ajinyooshe au aongeze nusu hatua ndipo akupate. Faida ya mikono mirefu haikupotea ulipoingia ndani, imepungua tu ikawa sentimita kadhaa. Akija kifuani, usirudi nyuma moja kwa moja. Msukume kwa bega, zunguka kidogo pembeni, ile nafasi irudi.

Mtazame Sebastian Fundora, Mmarekani anayepigana kilo 69.8 akiwa na urefu wa sentimita 197. Mtu wa namna ile ungetegemea apige jebu hadi watu wasinzie, lakini yeye humfuata mpinzani na kuishi katika umbali ninaokueleza. Silaha yake kubwa ni apakati, ngumi inayopandishwa kutoka chini kwenda kidevuni, na hesabu yake ni rahisi. Mfupi akitaka kukufikia lazima ainamishe kichwa. Akiinamisha, uso wake unatazama chini, na ngumi inayotoka chini inakutana nao. Machi 2024, Las Vegas, alimshinda Tim Tszyu wa Australia kwa pointi za majaji waliogawanyika. Mapema katika pambano lile Tszyu alijipenyeza chini, kichwa kikakutana na kiwiko cha Fundora, akapasuka na kutokwa damu usoni usiku kucha. Ilikuwa bahati mbaya, lakini inaonyesha jinsi ule mlango wa chini ulivyo mwembamba kwa anayeingia kwa mrefu aliyekunja mikono yake. Waliporudiana Julai 2025, Tszyu hakutoka kwenye kona yake baada ya raundi ya saba.

Ila usiniambie nimekuonyesha upande mmoja. Aprili 2023 Fundora huyohuyo alikuwa anaongoza kwa pointi mbele ya Brian Mendoza. Raundi ya saba ngumi ya kuzungusha ya kushoto ikamkuta kidevu kikiwa juu, zikafuata mbili nyingine, kwisha. Paul Williams, mrefu mwingine aliyependa kumwaga ngumi kwa karibu, alilala raundi ya pili mbele ya Sergio Martínez mwaka 2010: wote wawili walirusha mkono wa kushoto kwa wakati mmoja, Williams akiwa anaingia, na ya Martínez ikatangulia. Ninachokiona ni kwamba mrefu akiangushwa kwa karibu, mara nyingi anaangushwa akiwa anapiga yeye. Anajiona mshambuliaji, anasahau kwamba kidevu chake kimekaa kwenye nguzo ndefu isiyo na kivuli. Bega lipande lifunike kidevu kila unapopiga, na ule mkono usiopiga ubaki shavuni. Hili nakuambia kwa ukali: usipoliweza, wasikilize walimu wako na ubaki mbali.

Kuhusu mbavu. Naamini unainama kiunoni kama mtu anayechungulia dirishani. Ukifanya hivyo unampelekea kichwa, unajifungia apakati yako mwenyewe, na viwiko vinaachana na mbavu. Shuka kwa magoti. Panua miguu kidogo kuliko ulivyozoea, kaa kama mtu aliyeanza kukalia kigoda akaghairi. Mgongo unabaki wima, viwiko vinashuka vyenyewe hadi mahali vinapotakiwa. Mapaja yatawaka moto. Hayo ndiyo malipo ya mtindo huu.

Kuingia kwenyewe kunahitaji jebu, usiitupe. Mpige mbili, ya pili uifuate kwa mguu, na mkono usirudi wazi: ukirudi, uwe tayari umekunjwa. Ukifika, weka paji la uso begani kwake upande wa mkono wake mzito, ili mkono huo ukose njia. Usimlalie kwa uzito wote, hasa kwenye ngumi za ridhaa, kwani refa atakuonya na raundi zenyewe ni tatu tu. Wazee wa zamani hawakuwa na haya: Sandy Saddler, mwenye sentimita 174 katika uzito wa unyoya, moja ya madaraja mepesi, alimshinda Willie Pep mara tatu kati ya nne kati ya 1948 na 1951 kwa kumshika, kumsukuma na kumpiga kwa karibu, na baada ya pambano la mwisho wote wawili walifungiwa leseni New York kwa rafu. Chukua werevu wake wa kumbana mtu, rafu muachie.

Na usichanganye kupigana ndani na kutandikana. Thomas Hearns, sentimita 185, alitandikana na Marvin Hagler Aprili 1985. Mkono wa kulia ulivunjika raundi ya kwanza, na raundi ya tatu hakuwa na miguu tena. Pambano tamu kutazama, lakini usilifanye kuwa darasa lako.

Mwezi huu tafuta mwenzako mfupi, mkubaliane ngumi za mwili tu, raundi nne mara mbili kwa wiki. Mtu arekodi kwa simu akiwa pembeni yenu, siyo mbele, ili uone mgongo na magoti yako.

La mwisho ni hizo kilo 66. Hujasema unazifikaje. Kwa urefu huo, kama wiki ya pambano unakaa bila maji na kukimbia umevaa nailoni, basi mbavu zinazouma si kosa la viwiko peke yake. Niandikie uzito wako wa siku ya kawaida, asubuhi kabla ya chai, tuone kama unafaa kupanda daraja moja la uzito.