Maswali ya Wasomaji: Mnara wa simu ulio kilomita 20 juu

SWALI: Mwaka 2020 tuliambiwa intaneti yetu inatoka kwenye maputo yaliyo angani. Yalikaaje juu yetu bila kamba wala injini? Na mbona sasa wanarusha ndege? – Msomaji, Kabarnet

JIBU: Hayakukaa, ndugu msomaji, yalikuwa yanapita. Kampuni ya Loon, iliyokuwa chini ya Alphabet (kampuni mama ya Google), ikishirikiana na Telkom Kenya kuanzia Julai 2020, ilitumia maputo kama 35 kuhudumia takriban kilomita za mraba 50,000. Puto moja likipeperushwa nje ya eneo, jingine lilikuwa linaingia.

Usukani wake ulikuwa upepo wenyewe. Huko kwenye stratosfia, sehemu ya anga iliyo juu ya mawingu, pepo zimepangana tabaka juu ya tabaka, kila moja na mwelekeo wake. Ndani ya puto la heliamu kuna chumba cha hewa ya kawaida. Pampu ikijaza hewa mle, puto huwa zito na kushuka, ikiipunguza, linapanda. Programu ya kompyuta huchagua tabaka linaloelekea panapotakiwa. Tatizo ni siku ambazo matabaka yote yanavuma upande mmoja: hapo hakuna ujanja, puto linakwenda na huduma inakatika.

Tena puto huchakaa. Lililodumu kuliko yote lilikaa siku 312, na kila la kuziba pengo lilirushwa kutoka Nevada au Puerto Rico. Gharama hazikushuka vya kutosha, na Machi 2021 huduma ya Kenya ikazimwa.

Ndege haisubiri upepo. Ile inayorushwa sasa, Zephyr, ni ndege ya sola isiyo na rubani, ina mabawa ya mita 25 na uzito wa kilo zipatazo 75, chini ya mtu mnene. Sola huiendesha mchana na kujaza betri za usiku. Ndiyo maana hurushwa Laikipia, Kenya: karibu na ikweta usiku ni saa 12 hivi mwaka mzima, ilhali kaskazini ya mbali, wakati wa baridi, betri huisha kabla ya jua kuchomoza. Mwaka 2025 ilikaa angani siku 67. Hatari kubwa ni wakati wa kupanda na kushuka, inapokatiza mawingu na upepo wa ghafla. Mabawa mepesi hivyo yanaweza kuvunjika.

SWALI: Je, simu ya kawaida inashika? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Inashika, ikiwa ni ya 4G na inapokea masafa ya redio yanayotumika na mtandao huo. Kwenye majaribio ya Loon ilipokea megabiti 18.9 kwa sekunde, lakini ikatuma 4.74 tu. Simu yako hutuma kwa nguvu ya wati 0.2, na ukiwa mbali mara mbili, nguvu inayofika ni robo. Kwa hiyo kutuma video ndiko kunakokwama kwanza. Mlima si kikwazo kikubwa kama ilivyo kwa mnara wa chini, ila paa la bati ni kikwazo: toka nje.