Gati la Zamani, Mtaa Mpya: Maswali Yenu

Safari hii barua karibu zote zinahusu mitaa inayoota kando ya maji, pale palipokuwa na magati na maghala.

Kwa nini magati yaliacha kazi?

Mlaumuni kontena. Mwaka 1956 meli Ideal-X iliondoka Newark na makontena 58. Tangu hapo meli zikazidi ukubwa, zikataka kina kirefu na uwanja mpana wa kupanga mizigo. Magati membamba ya katikati ya mji hayakuwa na hivyo viwili, bandari ikahamia pembeni. Mjini London, Royal Docks zilifungwa 1981.

Mtaani kwetu maghorofa yanaanza, treni tunaambiwa “itakuja”. Kuna ubaya?

Upo, na mkubwa. Pale Canary Wharf, mtaa wa ofisi kwenye magati ya zamani ya London, mnara wa kwanza ulikamilika 1991 ukitegemea reli nyepesi ya 1987, iliyokuwa ndogo kwa umati ule. Mwaka 1992, soko la ofisi likiwa limeanguka, mjenzi wake Olympia & York akafilisika. Reli ya chini ya ardhi ya Jubilee ilifika 1999. Hamburg walifanya vingine: treni ya U4 iliingia HafenCity, mtaa wao mpya wa bandarini, mwaka 2012, sehemu kubwa ya mtaa ikiwa bado mchanga na winchi. Kwa hiyo ulizeni tarehe, na fedha zimetengwa na nani. Treni iliyochorwa kwenye bango haijawahi kumfikisha mtu kazini.

Nimependa nyumba ya chini inayotazama maji. Ninunue?

Kabla ya bei, uliza kimo cha ardhi. Usawa wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na mwendo unaongezeka. Siku ya kawaida hutaziona. Utaziona siku bamvua, maji kujaa kupita kawaida, likikutana na dhoruba. Ndiyo maana HafenCity majengo mapya yameinuliwa juu ya matuta, mita 8 hivi kutoka usawa wa bahari, na chini yake wakaweka maegesho ya magari.

Uliza pia kama ardhi ni ya kujazwa. Kifusi huendelea kushuka taratibu, na penye matetemeko mchanga uliolowa hulegea kama uji. Wakazi wa Marina, San Francisco, waliliona hilo 1989. Mimi ningepanda ghorofa mbili juu, mandhari ni yale yale.

Njia ya ukingoni itabaki ya umma?

Ikiwa tu imeandikwa kwenye hati. Ahadi ya mdomo humalizwa na mlinzi mmoja getini.

Maghala ya zamani yabomolewe?

Kuta zikiwa imara, hapana. Ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie huko Hamburg, uliofunguliwa 2017, umekaa juu ya ghala lililokuwa likihifadhi kakao. Ila msidhani ni njia ya kubana matumizi: gharama yake ilipanda mara kadhaa, na ndani ya ghala palikwanguliwa pote, zikabaki kuta.